Sakafu ya Mbao: Kausha Kwanza, Ndipo Upigilie

Somo letu leo ni la sakafu. Sisi wa huku juu Kinangop tunajua vile baridi ya mwezi wa saba hupanda kutoka ardhini. Tena sakafu ya udongo ikikauka ni vumbi tupu, na funza huzaliana humo humo. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimeinuliwa kwa mawe, kwa hivyo hata sakafu inayozifaa ni ya mbao.

Sisi tulijifunza kwa hasara. Mwezi wa tano tulitoa pesa za mzunguko tukamnunulia mama mzee wa kikundi chetu mbao za saiprasi, 6 kwa 1, moja kwa moja kutoka kwa mashine ya kupasua. Zilikuwa mbichi kabisa. Fundi akasema tungoje. Tukamjibu, aa, mama analala kwa baridi, pigilia tu! Chumba cha futi 10 kwa 12 kilichukua mbao 20, zikabanana vizuri, tukanywa chai juu yake tukijisifu.

Ikafika Februari. Kumbe kila ubao umesinyaa robo inchi! Maharagwe yanapita, sarafu zinapita, upepo unapanda, na kingo zimejikunja mpaka mama akajikwaa. Hesabuni wenyewe: robo inchi mara 20 ni inchi tano, karibu ubao mzima.

Ubao mbichi umebeba maji. Yakitoka, unapungua upana, lakini urefu ni kama haubadiliki. Hakuna msumari wa kuzuia jambo hilo. Basi acheni upungue kabla ya kupigiliwa.

Pangeni mbao kivulini, chini ya paa, juu ya mawe futi moja na nusu kutoka ardhini. Kati ya safu na safu wekeni vijiti vikavu vya inchi moja, kila baada ya futi mbili, kijiti kikae juu ya kijiti mwenzake. Vikipishana, mbao zitapinda. Juu kabisa wekeni mawe mazito. Msizianike juani, zitapasuka.

Mtajuaje zimekauka? Msidanganywe na rangi. Kateni kipande cha futi moja kutoka katikati ya ubao mmoja, mpake rangi ncha zake mbili ili kisikauke haraka kuliko wenzake, kisha mkifiche ndani ya rundo. Kila wiki kipimeni kwa mizani ya duka na muandike. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu, mbao ziko tayari. Wakati wa kiangazi hesabuni miezi miwili au mitatu. Wakati wa mvua ni zaidi. Baadaye ziingizeni katika chumba chenyewe zikae wiki mbili.

Kupigilia si kazi ngumu. Mihimili ya 4 kwa 2, ile mafundi huita joisti, ikae inchi 18 kati ya mmoja na mwingine, isawazishwe kwa uzi na pimamaji. Mbao zilale kuikata mihimili, na zikiungana, ziungane juu ya mhimili. Misumari ya inchi mbili na nusu inatosha, miwili kwa kila mhimili. Pembeni mwa ukuta acheni nusu inchi, kwa sababu mvua ikija mbao huvimba kidogo; ubao wa skating utafunika hapo.

Chini ya nyumba acheni matundu pande mbili ili hewa ipite, na muyazibe kwa waya wa matundu madogo, la sivyo panya na kuku watahamia. Kila mwezi mtu ainame achungulie kwenye mawe. Akiona njia za udongo za mchwa, azibomoe siku hiyo hiyo.

Na sakafu ya mama? Machi tuling'oa mbao zote, tatu zikapasuka. Tulizisukuma zikabanana upya, tukaongeza nne kavu. Gharama yake ilikuwa mchango wa mwezi mzima, na zamu ya mwenzetu mmoja ikasogezwa mbele. Hakufurahi, na tulimwelewa.

Ya kujadili kikundini: Nani kwetu ana kibanda cha kuazima miezi mitatu? Nani atashika daftari la mizani? Na mwenye zamu akitaka nyumba haraka, tutamjibu nini?