Plastiki Inayoua Bakteria: Uwezo Wake na Mipaka Yake

Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayesababisha majipu na maambukizi ya vidonda, anaweza kuishi kwa miezi kadhaa juu ya plastiki kavu. Kwa sababu hiyo kingo za vitanda, vitasa na meza za wagonjwa huweza kueneza maambukizi wodini. Ili kupunguza hatari hiyo, wanasayansi wamebuni plastiki iliyochanganywa na chembe nano za oksidi za metali.

Chembe nano zina upana wa nanomita 1 hadi 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa udogo huo, hata kiasi kidogo cha oksidi hupata eneo kubwa la kugusana na bakteria. Oksidi za zinki na shaba huachilia ioni zinazodhuru utando wa bakteria na kuvuruga protini zake. Oksidi ya titani huhitaji mwanga, hasa miale ya urujuanimno. Inapomulikwa huzalisha kemikali kali za oksijeni zinazoharibu seli. Gizani, kazi hiyo hukoma.

Je, maandishi "huua asilimia 99.9 ya bakteria" yana maana gani? Katika kipimo cha kimataifa cha ISO 22196, bakteria walio katika kimiminika huwekwa juu ya plastiki, hufunikwa, kisha huachwa kwa saa 24 katika nyuzi joto 35 za Selsiasi na unyevu usiopungua asilimia 90. Ukingo wa kitanda, kinyume chake, ni mkavu na huguswa tena baada ya dakika chache. Tena, wakifa asilimia 99.9 ya bakteria 1,000,000, hubaki 1,000. Damu, usaha na vumbi navyo hufunika plastiki na kuwakinga bakteria.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya asipunguze ratiba ya usafi kwa kuwa vifaa vya wodi ni vya plastiki hii. Anapoletewa vifaa hivyo, aulize: vilipimwa kwa muda gani, dhidi ya bakteria gani, vikiwa vikavu au vyenye unyevu? Nawe mgonjwa, pamoja na ndugu wanaokuuguza, usione haya kumkumbusha anayekuhudumia kutakasa mikono kabla ya kukugusa. Plastiki hii ni msaidizi wa usafi. Haichukui nafasi yake.