Usione Vyaelea: Wapigaji Besi Wasiotajwa katika Metali ya Progresivu

IKISIRI

Makala haya yanachunguza nafasi ya mpigaji gitaa la besi katika muziki wa metali ya progresivu, pamoja na sababu zinazoifanya nafasi hiyo kupuuzwa na wasikilizaji na wahakiki. Hoja kuu ni kwamba kutosikika si sawa na kutofanya kazi. Mhakiki anayegawa sifa kwa kufuata kinachovuma tu huidhulumu kazi ya sanaa na aliyeitunga. Mifano inatoka Marekani kati ya 1988 na 2021. Mwishoni yanapendekezwa mazoezi ya kusikiliza ambayo mwanafunzi wa uhakiki anaweza kuyafuata.

1. UTANGULIZI

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Anayesimama ufuoni akilitazama jahazi hulisifu tanga na mlingoti. Mkuku uliozama majini hauoni, ilhali huo ndio fundi aliouweka kwanza, na mbao nyingine zote zimejengwa juu yake. Katika bendi, gitaa la besi ni mkuku wa aina hiyo.

Metali ya progresivu ni tawi la muziki wa roki lililochipuka katika miaka ya 1980. Lilitokana na kuunganishwa kwa uzito wa hevi metali na usanifu wa makundi ya roki ya miaka ya 1970, mathalani Yes la Uingereza na Rush la Kanada. Sifa zake bainifu ni nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, mapigo yanayobadilika kila mara na albamu zinazosimulia kisa kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Operation: Mindcrime, albamu ya kundi la Queensrÿche iliyotolewa mwaka 1988, ni mfano wa sifa hii ya mwisho.

Kuhusu istilahi, hakuna haja ya kubuni maneno mapya. Wanamuziki wa dansi wa Afrika Mashariki wana msamiati uliokomaa tangu zamani: kuna mpiga solo, mpiga rizimu na mpiga besi. Msamiati huo unatosha hapa. La kuzingatia ni kwamba katika dansi besi husikika waziwazi na humwongoza mchezaji hatua zake, ilhali katika metali aghalabu humezwa. Tofauti hii ndiyo inayozua swali la makala haya: je, besi ya metali haina la kusema, au haipewi nafasi ya kulisema?

2. SABABU ZA BESI KUTOSIKIKA

Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile. Uzi mzito kabisa wa besi ya nyuzi nne hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, ilhali ule wa gitaa la kawaida hutetema takriban mara 82. Sikio la binadamu si jepesi kunasa sauti za chini kama linavyonasa zile za kati. Fauka ya hayo, spika ndogo za redio na simu haziwezi kuzitoa sauti hizo kikamilifu. Ubongo huikisia noti ya chini kutokana na mitetemo ya juu inayoandamana nayo. Hivyo msikilizaji hupata kivuli cha noti bila kiwiliwili chake.

Sababu ya pili ni msongamano. Magitaa ya metali huvurugwa sauti kwa makusudi ili yangurume, na mara nyingi nyuzi zake hulegezwa ili zishuke. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya wapigaji wamekuwa wakitumia gitaa la nyuzi saba, linaloshuka chini zaidi. Hapohapo mpiga ngoma hukanyaga ngoma kubwa kwa miguu yote miwili kwa kasi. Wote hao wamepiga kambi katika uwanja wa besi, na mwenye uwanja hujikuta mgeni kwake.

Sababu ya tatu ni mazoea. Macho ya hadhira humfuata mwimbaji na mpiga solo, na kalamu ya mhakiki hufuata macho ya hadhira. Sababu mbili za awali zinaweza kurekebishwa na fundi wa studio. Hii ya tatu ni jukumu la msikilizaji mwenyewe.

3. ALIYEPIGA ASISIKIKE

Mfano mashuhuri zaidi ni wa Jason Newsted. Alijiunga na Metallica mwaka 1986 baada ya Cliff Burton, mpigaji besi wa kundi hilo, kufariki katika ajali ya basi nchini Uswidi mwezi Septemba mwaka huo. Metallica kwa kawaida huwekwa katika tapo la thrash, lakini albamu yao ya 1988, ...And Justice for All, ina nyimbo ndefu na zenye mipindo mingi kiasi kwamba historia ya metali ya progresivu haiwezi kuiruka.

Katika albamu hiyo yote besi takriban haisikiki. Haikukosekana wakati wa kurekodi. Ilipigwa ikahifadhiwa, kisha ikashushwa wakati wa kuchanganya sauti. Kinaya ni kwamba Newsted ni mmoja wa watunzi wa Blackened, wimbo unaofungua albamu. Alichangia kuujenga mlango, kisha akazuiwa kuonekana mlangoni. Albamu ilipotolewa upya mwaka 2018, sauti zilisafishwa tu na mchanganyiko wa awali ukabaki ulivyokuwa.

Funzo ni bayana. Mhakiki akiandika kwamba besi ya albamu hiyo ni dhaifu, atakuwa amemhukumu mpigaji kwa uamuzi wa mezani. Ni sawa na kumlaumu mshairi kwa beti ambazo mhariri alizifuta.

4. FLORIDA: WALIOTANGULIA NA WALIOSAHAULIWA

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jimbo la Florida lilikuwa kitovu cha metali kali, na baadhi ya makundi yake yaliuelekeza muziki huo kwenye usanifu wa kiprogresivu na wa jazi. Wapigaji besi walikuwa mstari wa mbele katika mageuzi hayo.

Roger Patterson wa kundi la Atheist alifariki katika ajali ya gari mwezi Februari 1991, kundi lilipokuwa likirejea kutoka ziarani. Alikuwa ameshiriki kuzitunga nyimbo za albamu iliyofuata, Unquestionable Presence. Albamu hiyo ilitoka mwaka uo huo huku besi ikipigwa na Tony Choy. Choy aliifanya kazi hiyo kwa ustadi usio na shaka. Hata hivyo, anayesikiliza bila kuijua historia humpa mmoja sifa za wawili. Rekodi za majaribio alizozipiga Patterson kabla ya kifo chake ziliongezwa katika toleo la baadaye, na kuzilinganisha na albamu ni zoezi zuri la kutenga kazi ya mtunzi na ile ya mwasilishaji.

Mwaka huo wa 1991 kundi la Death lilitoa albamu ya Human, ambamo besi ilipigwa na Steve Di Giorgio. Katika toleo la kwanza besi ilikuwa chini mno. Albamu ilipochanganywa upya na kutolewa mwaka 2011, iliibuka. Noti zilikuwa zilezile za miaka 20 iliyotangulia. Kilichobadilika ni nafasi iliyopewa. Katika albamu ya 1993, Individual Thought Patterns, Di Giorgio alipiga besi isiyo na vyuma vinavyogawa shingo ya gitaa. Kidole huteleza kutoka noti moja hadi nyingine bila mpaka, na besi hupata mwiko wa sauti unaokaribia wa mwimbaji.

Wa tatu ni Sean Malone wa Cynic. Katika albamu ya Focus ya mwaka 1993 alipiga besi ya aina hiyo pamoja na Chapman Stick, ala ya nyuzi inayochezwa kwa kugongagonga kwa vidole vya mikono yote miwili. Malone alikuwa pia msomi wa nadharia ya muziki, na alinukuu kwa maandishi ya kimuziki kazi za Jaco Pastorius, gwiji wa besi katika jazi. Alifariki mwezi Desemba 2020, mwaka uleule aliofariki Sean Reinert, mpiga ngoma wa Focus. Cynic ilipotoa Ascension Codes mwaka 2021, haikumtafuta mpigaji besi mwingine; sauti za chini zilipigwa kwa kinanda. Pengo hilo lililoachwa wazi linaeleza uzito wa Malone kuliko sifa nyingi zilizoandikwa.

5. KIMYA CHENYE MSHINDO

John Myung alianzisha kundi la Dream Theater mwaka 1985 pamoja na John Petrucci na Mike Portnoy, walipokuwa wanafunzi katika chuo cha muziki cha Berklee, Boston. Alianza na fidla utotoni kabla ya kuhamia besi, na kwa miaka mingi amekuwa akipiga besi ya nyuzi sita. Ni mtu wa maneno machache, na katika mahojiano wenzake ndio wanaosikika zaidi. Ama kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mchango wake una sura tatu. Kwanza, kuna vipande ambamo besi hutoka peke yake, kama kile kilichomo katika Metropolis Part I, wimbo wa albamu ya 1992, Images and Words. Pili, yeye ndiye aliyeandika maneno ya Learning to Live, wimbo unaoifunga albamu hiyo. Hivyo yeye ni mtunzi wa lugha pia. Tatu, na ndiyo kazi kubwa zaidi, ni vile anavyofuatana noti kwa noti na gitaa na kinanda katika vifungu vyenye kasi ya kustaajabisha. Kazi hii ya tatu ndiyo isiyoonekana. Inapofanywa barabara, sauti tatu huwa moja, na hakuna anayeuliza ni akina nani.

6. MIZANI NA MAPIGO: MFANO KINZANI

Besi ikipewa nafasi ya mbele, hutokea nini? Jibu limo katika Schism, wimbo wa kundi la Tool uliomo katika albamu ya 2001, Lateralus. Katika utangulizi wake besi ya Justin Chancellor ndiyo inayobeba wazo kuu la wimbo. Wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2002 katika kitengo cha metali.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili ana nyenzo tayari ya kuuelewa. Mshororo wa tarbia yenye mizani 16 aghalabu hugawika nusu kwa nusu, 8 ukwapi na 8 utao, na sikio hutulia. Kikai nacho chenye mizani 12 hugawika vipande visivyolingana, 4 na 8. Sehemu kubwa ya wazo la besi katika Schism vilevile ina mapigo 12, lakini yamegawika 5 na 7. Msikilizaji anayetarajia 6 na 6 hujihisi akijikwaa, kisha anainuka, kisha anajikwaa tena. Kujikwaa huko kunaafikiana na maudhui ya wimbo, ambayo ni mfarakano na mawasiliano yaliyovunjika. Fani imebeba maudhui, na aliyeibeba fani ni mpigaji besi.

7. PINGAMIZI

Yamkini atatokea wa kupinga kwamba besi kazi yake ni kutegemeza, na kwamba nguzo haidai kupambwa. Pingamizi hili lina ukweli. Si kila mstari wa besi unastahili sifa, na mpigaji anayejitokeza pasipo haja huuharibu wimbo kama mshairi anayelazimisha vina. Hata hivyo, kutoipamba nguzo si kutojua kwamba ipo. Anayefuata gitaa kwa hiari na kwa ustadi amefanya uteuzi wa kisanaa, na uteuzi huhakikiwa. Kuthamini si kusifu ovyo. Ni kutambua nani alifanya nini, na kwa nini kikafaa au kikakosa kufaa.

8. MAZOEZI YA KUSIKILIZA

Mwanafunzi anayetaka kujizoeza anaweza kufuata hatua nne. Kwanza, asikilize kwa vifaa vya masikioni au spika kubwa, maadam simu pekee haitoshi. Pili, achague kifungu kifupi cha dakika moja na kukirudia, akiyaacha magitaa na kuifuata ngoma kubwa, kwa kuwa besi hukaa jirani nayo. Tatu, aandike mahali besi inapofuata gitaa, mahali inapoachana nalo, na mahali inaponyamaza. Nne, alinganishe matoleo mawili ya kazi moja, kama yale ya Human ya 1991 na 2011, kisha ajiulize ni hukumu zipi alizokuwa amezitoa kwa kukosa kusikia.

9. HITIMISHO

Makala haya yamebainisha kwamba wapigaji besi wa metali ya progresivu wamepuuzwa kwa sababu za kimaumbile, za studio na za mazoea. Newsted alishushwa, Patterson alitangulia mbele ya haki kabla ya kazi yake kukamilika, Di Giorgio alisubiri miaka 20, Malone aliacha pengo na Myung amenyamaza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosa la kusema. Mhakiki wa fasihi hufunzwa kusoma kati ya mistari. Wa muziki hana budi kusikiliza chini ya sauti. Huko chini ndiko mkuku uliko.