Maji Salama Mpaka Mdomoni: Kijitabu cha Afya kwa Kaya za Rusizi

Hatari iliyo karibu nasi

Rusizi si wilaya yenye uhaba wa maji. Ziwa Kivu liko mlangoni mwa Kamembe na Gihundwe, kisiwa cha Nkombo kimezungukwa nalo pande zote, na mto Rusizi unatoka humo ukiteremka hadi bonde la Bugarama na kuendelea mpaka Ziwa Tanganyika. Milimani kuna chemchemi, na vijijini kuna mabomba ya jamii. Pamoja na wingi huo, kuharisha bado kunawasumbua watoto wadogo, na kipindupindu kimewahi kuzuka zaidi ya mara moja kwenye mwambao wa ziwa hili. Hoja ya kijitabu hiki ni moja: usalama wa maji hupimwa pale yanapoingia mdomoni. Chanzo kizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika kwenye jerikani, kwenye ndoo na kwenye kikombe, na hiyo iko mikononi mwa kaya yenyewe.

Ziwa Kivu limekwisha kutupa ushahidi mzito. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma, upande wa kaskazini wa ziwa hili hili, na wengi wao hawakuwa na maji mengine ya kunywa ila ya ziwani. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ziwa halikugeuka sumu ghafla. Kinyesi cha wagonjwa kilifika majini, maji yakarudi kwenye vinywa vya wazima, na mzunguko huo ukajirudia siku hadi siku. Mzunguko huo ndio unaoendelea polepole, bila kelele, popote pale choo kinapovuja, mvua inaposomba uchafu wa mlimani, na mtu anapochota chini yake.

Maji meupe si lazima yawe safi

Watu wengi huyaamini maji ya chemchemi kwa sababu ni baridi na yanaonyesha mpaka chini. Jicho hutambua tope, halitambui vijidudu. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na hata bakteria mmoja wa kinyesi katika mililita 100, kiasi kisichojaza nusu ya kikombe cha chai. Maji yanayong'aa yanaweza kuwa na bakteria hao kwa mamia. Chemchemi iliyojengewa vizuri, yenye uzio wa kuzuia mifugo na mtaro wa kuepusha maji ya mvua, ni ya kuaminika zaidi kuliko ile iliyo wazi. Lakini nayo inategemea kilicho juu yake mlimani: vyoo, mazizi na mashamba yenye samadi. Baada ya mvua kubwa, chemchemi yoyote ni ya kushukiwa.

Sasa tuyafuate maji baada ya kuchotwa. Mtoto anafika bombani na jerikani ya lita 20 ambayo ndani yake kuna utelezi wa kijani. Anaingiza maji kidogo, anatikisa, anamwaga, kisha anasugua mdomo wa jerikani kwa vidole vile vile alivyoshikia ardhi njiani. Kifuniko kilipotea zamani, kwa hiyo anaziba kwa kipande cha ndizi mbichi au kiazi. Nyumbani maji yanamiminwa kwenye ndoo iliyo wazi, na kila mwenye kiu anazamisha kikombe pamoja na vidole vinavyokishika. Maji yaliyotoka bombani yakiwa salama yamekwisha kuguswa na mikono mingi kabla ya jioni.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watafiti walikuta kwamba maji ya visima yalikuwa karibu safi kabisa, ila yalichafuka kwenye ndoo kwa kuguswa na mikono. Baadhi ya kaya zikapewa ndoo zenye kifuniko na mdomo mwembamba wa kumiminia, ambazo mkono hauwezi kuingia. Uchafuzi wa kinyesi ukapungua kwa kiasi cha 69 kwa mia, na kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano kukapungua kwa takriban 31 kwa mia. Huko Calcutta, India, familia zilizokuwa na mgonjwa wa kipindupindu zilipewa mitungi ya udongo yenye shingo nyembamba. Maambukizi kati ya jamaa za mgonjwa yalishuka hadi karibu robo ya yale ya familia zisizopewa. Mtungi wa udongo si dawa. Kilichofanya kazi ni kuuzuia mkono usifike majini.

Kwetu pia upo ushahidi. Mwaka 2014, zaidi ya kaya 100,000 maskini za Mkoa wa Magharibi, ambao Rusizi ni wilaya yake mojawapo, ziligawiwa machujio ya maji pamoja na majiko sanifu. Chujio lile lilikuwa na chombo chake kilichofungwa, chenye bomba dogo la kutolea maji. Utafiti uliolinganisha vijiji vilivyopata na vile vilivyokuwa bado ulitangaza matokeo mwaka 2019: kuharisha kwa watoto wadogo kulipungua kwa 29 kwa mia. Ni kweli kwamba habari za kuharisha zilitolewa na wazazi, ambao walijua kama wamepewa chujio au la, na hilo linaweza kuikuza tofauti kidogo. Lakini maji yenyewe yalipopimwa nayo yalionekana kuwa safi zaidi katika kaya zenye chujio, na kipimo cha maji hakimpendelei mtu.

Majibu kwa wanaosita

Wako wanaosema kwamba mababu walikunywa maji ya ziwa na mito wakaishi hadi uzee. Tunaowakumbuka ni wale waliofika uzeeni. Waliokufa wakiwa na mwaka mmoja au miwili hawakubaki kutusimulia. Isitoshe, milima yetu leo ina watu wengi zaidi, vyoo vingi zaidi na mifugo karibu zaidi na maji kuliko enzi zile.

Wengine hawapendi harufu ya klorini, dawa ya kutibia maji, na wengine wanaihofia. Kiasi kinachotakiwa kubaki katika maji ya kunywa ni kidogo sana, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na kwa kipimo hicho haina madhara. Harufu hafifu ni dalili kwamba dawa bado inalinda. Ukitumia klorini ya chupa ya Sûr'Eau, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, koroga, funika, na subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi na kuachwa yatulie, kwa sababu tope huimaliza nguvu klorini.

Hoja ya gharama ya kuni na makaa ni ya haki. Ila haihitajiki kuchemsha maji yote ya nyumbani. Ya kufulia na kudekia yabaki yalivyo. Yanayochemshwa ni ya kunywa, lita mbili tatu kwa kila mtu kwa siku. Yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, maji hutokota kwenye nyuzi 95, na joto hilo linaua vijidudu vya kuharisha. Lakini maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote yakishapoa. Ukiyarudisha kwenye jerikani chafu, kuni zimeteketea bure.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba maji ni wajibu wa serikali na mamlaka ya maji. Ni kweli, na wananchi waendelee kudai. Huko Uvira, kwa jirani zetu wa kusini, utafiti wa miaka ya 2009 hadi 2014 ulionyesha kwamba wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka sana katika siku zilizofuata kukatika kwa maji ya bomba. Bomba lisilokatika huokoa maisha. Lakini siku bomba likikauka, familia hunywa yaliyohifadhiwa, au hukimbilia ziwa na mto. Siku hiyo chombo safi na chupa ya klorini nyumbani ndivyo vinavyoamua nani ataugua.

Yanayowezekana katika kila kaya

Tenga jerikani moja iwe ya maji ya kunywa tu, yenye kifuniko chake. Ioshe ndani kila wiki kwa sabuni, maji na mchanga safi au vijiwe, ukitikisa mpaka utelezi utoke, kisha suuza vizuri. Tibu maji kwa klorini, kwa chujio au kwa kuchemsha. Yamimine kwenye kikombe bila kuchovya kitu chochote ndani. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kugusa chakula. Kandagira ukarabe, yaani chombo cha kunawia kinachokanyagwa kwa mguu, cha jerikani ndogo na kamba kinatosha. Katika umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ombeni kijiji kisafishe mtaro na kukarabati uzio wa chemchemi.

Mtoto akiharisha, aendelee kunyonya na kula, na apewe ORS ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Akiharisha majimaji mfululizo, akitapika, macho yakibonyea, au kukiwa na damu, mjulishe mhudumu wa afya wa kijiji na mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, na karibu kila mgonjwa anayewahi kutibiwa hupona. Usingoje mlipuko utangazwe: anza leo na jerikani moja, safi na iliyofunikwa.