Somo la Kazi: Mashine ya Kukatia Majani Iliyogonga Jiwe



Wenzetu wanaokata majani viwandani na kwenye nyumba za mashamba makubwa hulaumiwa kila mara mashine ya petroli ya kusukuma inapokataa kuwaka. Mara nyingi kosa ni la kipuri kilichochakaa, au jiwe lisiloonekana majanini. Basi tujue kutafuta ubovu, ili tuwe na la kujibu.

Kabla ya kugusa kisu, chomoa waya wa plagi na uuweke mbali. Kuzima tu hakutoshi. Kisu kimefungwa kwenye shafti ya injini yenyewe. Ukikizungusha kwa mkono injini yaweza kupiga mara moja, na mara hiyo moja yatosha kuondoa vidole. Ukiinamisha mashine, plagi ielekee juu, oili isiingie kwenye chujio cha hewa.

Petroli iliyokaa miezi imwagwe, kabureta isafishwe. Plagi yenye masizi isuguliwe. Iliyolika ncha ibadilishwe, nafasi ya cheche iwe kama milimita 0.75 kwa injini nyingi za namna hii. Chujio cha karatasi hakioshwi.

Lakini kama ilizimika ghafla kwa kugonga jiwe au kisiki, na sasa cheche ipo, petroli ipo, haiwaki, au kamba inakuvuta mkono kwa nguvu, tazama kii. Ni kijipande cha madini laini kati ya shafti na lile gurudumu zito lililo chini ya kifuniko cha kamba. Ikihama kidogo tu, cheche hutoka wakati usio wake. Imefanywa laini kusudi, na mpya ni ya bei ndogo. Tumeona wasimamizi wakiamuru kitiwe kipande cha msumari badala yake. Tukatae! Msumari haukatiki upesi. Jiwe lijalo laweza kupinda shafti, na gharama ya injini nzima atadaiwa aliyekuwa akisukuma.

Kisu kilichopinda au chenye ufa hakinyooshwi, hubadilishwa. Kilichonolewa kitundikwe kwenye msumari ukutani kwa tundu lake la kati: upande unaoshuka ndio mzito, upigwe tupa kidogo. Mashine ikitetemeka hata kwa kisu kizima kilichokazwa vema, huenda shafti imepinda, iwekwe kando.

Kila ubovu uandikwe katika daftari la karakana, pamoja na tarehe na sahihi ya msimamizi.