Maji ya Moto, Udhu na Saumu: Kuishi na Siko Seli Chuoni



Ndugu zangu, darsa hii niliiahidi tangu muhula uliopita, baada ya swala moja ya Alfajiri niliyoimaliza nimekaa. Mvua ilinyesha usiku kucha, upepo ulikuwa unashuka kutoka Mlima Elgon, na maji ya bomba la msikitini yalikuwa ya baridi ya kuuma vidole. Nilitawadha kama kila mtu. Kufikia rakaa ya pili mapaja yalianza kuniuma kwa ndani, kwenye mfupa wenyewe. Tulipotoa salamu sikuweza kunyanyuka. Ndugu wawili walinibeba, nikalala hospitali siku nne.

Siku ya pili alikuja kunijulia hali kijana wa mwaka wa kwanza, anayesoma uhasibu. Akaniuliza kwa upole: "Ustadhi, kwani mgonjwa kama wewe hana ruhusa kwenye udhu?" Mimi nasoma fiqhi, mwaka wa tatu. Mtihani wa mlango wa tayamamu niliufaulu vizuri sana. Nilibaki namtazama.

Nina siko seli, au selimundu kama ndugu zetu wa Tanzania wanavyoiita. Nimezaliwa nayo. Chembe nyekundu za damu za mtu mzima kiafya ni za duara na laini, zinapita hata kwenye mishipa midogo kabisa. Zangu, zikipungukiwa na oksijeni, zinapinda kama mundu na kuwa ngumu, zinakwama, na sehemu iliyo mbele yao inakosa damu. Hayo ndiyo maumivu. Tena hazidumu: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya kwangu siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu yangu huwa pungufu na macho huwa ya njano. Si jini, si uchawi, wala haiambukizi kwa kulala chumba kimoja. Mtoto huipata anaporithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia. Hapa Uganda takriban watu 13 katika kila 100 wana hiyo kasoro kwa upande mmoja tu, hawaumwi, na wengi wao hawajui. (Wewe unayetarajia kufunga ndoa, kapimeni wote wawili kabla ya posa. Nimelisema, naendelea.) Mgonjwa wa kwanza kuandikwa katika vitabu vya tiba vya Magharibi, mwaka 1910, alikuwa Walter Clement Noel, kijana wa Grenada aliyekuwa anasomea udaktari wa meno Chicago. Mwanafunzi wa bweni kama sisi, mwenye baridi kali kuliko yetu.

Vinavyoamsha maumivu vinajulikana: baridi, upungufu wa maji mwilini, homa na maambukizi, uchovu, na msongo wa mawazo, ambao kwetu maana yake ni wiki ya mitihani. Karibu kila ninachokifanya kila siku kinatokana na mambo hayo matano, na karibu kila kimoja kinagusa ibada.

Nianze na baridi. Kila usiku najaza themosi ya lita moja maji ya moto. Alfajiri nachanganya nusu yake na maji ya bomba kwenye kopo, yanakuwa vuguvugu, natawadha. Wenzangu walidhani hayatoshi. Lakini Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, chini ya lita. Sisi tuliozoea kufungua bomba mpaka mwisho ndio tunaoona kopo moja ni udhu wa mashaka. Themosi moja, nikichanganya vizuri, inanipa udhu mara mbili na bado natenda sunna.

Baada ya udhu navaa khofu za ngozi nilizonunua sokoni, na juu yake viatu. Mkaazi ana ruhusa ya kupaka juu ya khofu mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu, maadamu alizivaa akiwa na tohara kamili. Kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha miguu yangu haiguswi na maji ya baridi hata kidogo. Soksi za kawaida zina maneno: wanazuoni wetu wa Kishafi'i wanataka ziwe nzito kiasi cha mtu kuweza kutembea nazo, na Mahanbali nao wanataka ziwe nene. Soksi nyembamba za sare za shule hazimo. Ukiweza kupata khofu, pata khofu, utapumzika na mjadala.

Na kama maji ya moto hakuna? Umeme umekatika, jiko la mkaa limezimwa, umeamka una janaba na nje kuna mvua. Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Katika vita vya Dhatu Salaasil, mwaka wa 8 Hijria, Amr bin al-Aas (r.a.) alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Akaogopa kwamba akioga atakufa. Akatayamamu, akawaswalisha wenzake. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimuuliza, na Amr akajibu kwa aya ya Suratun Nisaa inayokataza watu kujiua. Mtume alicheka na hakumkaripia. Amr hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu mzima mwenye afya, jemadari.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, kiko kwa Abu Daudi kutoka kwa Jabir (r.a.). Mtu alipasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akaota na kupata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akasema kuwa wamemuua, na akawaambia maana yake kwamba asiyejua angeuliza. Kila nikisoma kisa hiki nawafikiria wale jamaa. Hawakuwa waovu, walikuwa wanailinda ibada ya mwenzao kwa walichokijua.

Utaratibu wake kwa madhehebu yetu ni huu: kwanza pasha maji, kwani ukiweza kuyapasha hakuna udhuru. Ukishindwa, na ukawa unajua kwa uzoefu wako au kwa kauli ya daktari mwaminifu kwamba maji ya baridi yatakuletea maradhi au yatayarefusha, tayamamu kwa udongo safi wenye vumbi. Mimi nina udongo mkavu kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Ulinichekesha mwanzo, sasa nimeuzoea.

Tuje kwenye maji ya kunywa. Figo za mwenye siko seli hazizuii maji vizuri, yanapita tu. Nakunywa lita tatu hivi kwa siku, kidogo kidogo, bila kusubiri kiu. Nakaa karibu na mlango darasani kwa sababu natoka mara nyingi, na wahadhiri wawili nimewaeleza mapema. Usiku naweka kikombe kando ya kitanda, kwa sababu saa nyingi za kulala bila maji ndizo zinazoniletea maumivu ya alfajiri.

Sasa Ramadhani. Mwaka wa kwanza nilifunga siku sita kwa siri, bila kumwambia mama wala daktari. Siku ya saba sikufunga, nilikuwa na dripu mkononi. Daktari aliniambia wazi kwamba kwangu mimi saa kumi na tatu na zaidi bila maji ni hatari, si leo tu bali kila mwaka. Nikampelekea mwalimu wangu wa fiqhi kauli hiyo. Akanijibu kwamba mgonjwa anayetarajia kupona hulipa siku zake baadaye, ama ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka na saumu inamdhuru, huyo hutoa fidia: kwa kila siku mudi moja ya chakula kikuu cha mji kwa masikini. Hapa kwetu natoa unga wa mahindi au mchele. Vitabu vingine vinamshauri mgonjwa alipe katika siku fupi za kipupwe, nasi tupo karibu na ikweta, siku zetu urefu wake ni uleule Januari mpaka Disemba! Hilo nalo mwalimu alilizingatia.

Wapo wenye siko seli nyepesi kuliko yangu ambao wanafunga baadhi ya siku kwa ridhaa ya daktari wao. Usichukue hukumu yangu ukaivaa. Chukua swali langu ulipeleke kwa daktari wako, kisha jibu la daktari ulipeleke kwa mwalimu, kwa mpangilio huo. Na wewe usiyeumwa, ukimwona mwenzako anakunywa maji mchana wa Ramadhani nyuma ya hosteli, mpite na salamu.

Maumivu yakianza, jambo la kwanza ni joto. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, nakanda pole pole mahali panapouma. Barafu msimpe mtu wa siko seli. Vijana wa mpira wana tabia ya kukimbilia barafu, kwetu sisi baridi inakaza mishipa na kuzidisha. Nakunywa maji, nalala nimejifunika blanketi, nameza panadoli mapema kabla maumivu hayajapanda, kwa kipimo kilichoandikwa, si kiganja kizima. Ibuprofeni natumia baada ya kula tu na kwa ruhusa ya daktari, kwa sababu ya figo na tumbo. Kwenye daftari naandika maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Daftari hilo limenisaidia hospitali kuliko maelezo yangu yote. Dawa zangu za kila siku ni foliki, na haidroksiurea ambayo tangu niianze imepunguza sana idadi ya vipindi hivi. Nalala ndani ya chandarua bila kukosa, malaria kwetu si homa ya kawaida.

Nikiwa nakanda, naweka mkono mahali panapouma na kufanya alichofundishwa Uthman bin Abil-Aas (r.a.) alipolalamika maumivu mwilini: Bismillahi mara tatu, kisha mara saba kujikinga kwa Allah na uwezo wake na shari ya anachokihisi na anachokiogopa. Iko katika Sahihi Muslim. Kupumua taratatibu na kuhesabu kwa ulimi kunanituliza mwili pia. Na kusema "naumwa" hakuvunji subira. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, Aisha (r.a.) alipolalamikia kichwa chake, alimwambia kuwa na yeye kichwa chake kinauma.

Mwenzangu wa chumba aliwahi kuniambia nikatae mofini ya hospitali kwa kuwa inalevya. Nilikuwa nimefika tisa kwenye daftari langu. Wanazuoni wanaruhusu dawa ya aina hiyo pale haja inapokuwa ya kweli, daktari anaaminika, na kipimo ni cha kuondoa maumivu. Hapa Uganda mofini ya maji hutolewa hospitalini kwa wagonjwa wanaoihitaji. Niliinywa, nikalala, nikaamka nikaswali Isha nimekaa, kama alivyoelekezwa Imran bin Husayn (r.a.): simama, ukishindwa kaa, ukishindwa lala ubavu.

Kuhusu habasoda, hadithi yake ni sahihi na mimi naitia kwenye asali kila asubuhi. Lakini Imamu al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, alieleza kwamba tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni maradhi mahususi. Haikuniamrisha niache haidroksiurea. Hijama ndiyo ilinigharimu. Mtu mmoja mjini alinihakikishia kuwa "atatoa damu chafu" na ugonjwa utaisha. Hakuniuliza damu yangu ni kiasi gani. Nina upungufu wa damu tangu kuzaliwa, akanipunguzia tena, nami nikamlipa. Siku mbili baadaye nilikuwa napanda ngazi za maktaba kama mzee wa miaka 80. Hijama ni sunna, lakini mwenye siko seli asiifanye bila daktari kupima damu kwanza. Hali kadhalika vidonge vya madini ya chuma ambavyo kila shangazi anatuletea: wengi wetu chuma hakijapungua, hasa tuliokwisha ongezewa damu, na kikizidi kinadhuru.

Kuna wakati kitambaa cha moto kinawekwa chini na bodaboda inaitwa. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua na kupumua kwa shida, udhaifu wa ghafla upande mmoja au ulimi kuwa mzito, kupauka ghafla, na kwa wanaume uume kusimama kwa maumivu bila kulala. Hili la mwisho vijana wanalionea haya mpaka wanadhurika. Msisubiri swala imalizike wala asubuhi ifike.

Tangu mwezi jana kuna themosi mbili kwenye rafu ya viatu msikitini, upande wa wanaume, na dada zetu wameweka ya kwao. Nazijaza baada ya Isha. Anayezihitaji Alfajiri asiombe ruhusa, achanganye kwenye kopo na si moja kwa moja mkononi, na akimaliza afunge kifuniko vizuri maana ile ya bluu inavuja.