"Nilikuwa Natania Tu"

Somo: Mithali 26:18-19, 2 Samweli 16:5-14

Likizo ya Agosti, kijana mmoja alimpiga picha dada wa kidato cha pili akiwa amesinzia kwenye kesha, mdomo wazi. Kabla ya asubuhi picha ilikuwa imegeuzwa stika na kutumwa kwenye grupu ya WhatsApp ya vijana wetu. Mimi niko kwenye hiyo grupu. Niliiona, nikabonyeza ile sura ya kucheka machozi, nikaenda kunywa chai.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mamake alinipigia. "Pasta, mtoto hataki kurudi." Kumbe stika ilikuwa imefikia wanafunzi wenzake, kila mmoja akiongeza maneno yake. Shuleni mwao simu haziruhusiwi, lakini hilo lingemsaidia nini? Kicheko kingeingia bwenini pamoja na masanduku.

Nilipomuuliza yule kijana, alijibu, "Pasta, nilikuwa natania tu." Fungueni Mithali 26. Mtu wa jibu hilo anafananishwa na mwendawazimu anayerusha moto na mishale. Andiko halibishani naye kama alikuwa akicheza au la. Linaangalia moto umeangukia wapi.

Shimei alimtukana Daudi njiani, akirusha mawe na mavumbi. Daudi alichoka, lakini kuna mahali alifika akapumzika. Mtoto wetu anapumzikia wapi, na simu iko naye kitandani?

Wazazi, msiseme ati ni mambo ya watoto. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018, kifungu cha 27, inataja faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Mtoto akionewa, usianze kwa kumnyang'anya simu. Ataona ni yeye anayeadhibiwa, na siku nyingine hatakwambia. Hifadhi jumbe na tarehe kabla hazijafutwa, mwone mwalimu, piga 116, ni bure.

Mimi nilienda kwao. Nilimwomba dada msamaha mbele ya mamake, kisha kwenye grupu ileile nilikocheka. Alinisikiliza. Hakusema amenisamehe, nami sikumsukuma. Alirudi shule siku nne baada ya wenzake. Kijana naye ameandika barua. Ninayo mezani hadi dada aseme yuko tayari kuipokea.