Somo la Picha: Macho Mapya kwa Kamera Ile Ile

Somo letu la muhula huu latokana na aibu kidogo iliyotupata. Wiki ya mwisho kabla ya likizo, chama chetu cha wapiga picha kilizipanga picha zake zote za mwaka juu ya meza za darasani, ili tuchague za kutia katika gazeti hili. Zilikuwa nyingi, na kila moja ukiitazama peke yake ilipendeza. Lakini tulipozitazama zote pamoja tuliona ya kuwa tumepiga picha moja tu mara nyingi: jua linazama ziwani, mawe yamekuwa meusi, na mtumbwi unapita katikati. Zilizobaki zilikuwa za watu waliosimama mstari mmoja, mikono chini, kama wanaongoja kuhesabiwa.

Siku hiyo hiyo alikuja mzazi mmoja. Alisalimu, akaketi, akasema, "Mwalimu, nasikia vijana wana picha za ufukoni. Marehemu baba alikuwa akikaa pale kila siku akishona nyavu. Nyumbani hatuna picha yake ila ile ndogo ya kitambulisho. Naomba mnitafutie." Vijana walitafuta kwa bidii. Wakampata mzee katika picha moja tu: doa jeusi pembeni, dogo kama punje ya mtama, na jua kubwa jekundu nyuma yake. Mzazi aliishika picha ile kwa muda, akashukuru, akaenda zake. Hakukasirika. Lakini sisi tulijua ya kuwa mwaka mzima tulimpita mzee yule, tukatazama jua.

Basi swali la somo letu ni hili: mtu aliyezoea namna moja ya kupiga picha atapata wapi wazo la kujaribu namna nyingine?

MTINDO NI NINI?

Watu wengi hudhani ya kuwa mtindo mpya hutoka katika kamera ya bei kubwa, au ni karama imshukiayo mtu usingizini. Sivyo. Mtindo ni uchaguzi ambao mtu anaurudia kwa makusudi. Katika kila picha mna mambo matano ya kuchagua: nuru itoke upande gani, mimi nisimame wapi, niwe karibu au mbali, nyuma ya kitu pawe na nini, na nibonyeze lini. Asiyefikiri juu ya mambo hayo hupata picha ile ile ya jana, hata akinunua kamera mpya. Anayebadili jambo moja tu, akashika badiliko hilo kwa siku nyingi, huyo ameanza mtindo mpya.

Tazameni watu watatu wa Afrika waliofanya hivyo.

WALIOTUTANGULIA

Tuanze na pwani. Huko Lamu, katika Kenya, alikuwako mpiga picha jina lake Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Ufundi wake alijifunza mwenyewe. Kwanza alipiga picha mitaani, kisha akafungua studio. Wateja walikuja kupigwa picha za uso kama kwingine kote, lakini kwa Bakor kazi haikuishia kwenye kamera. Alitwaa mkasi, akakata nyuso, akaziunganisha na maua na mapambo mengine, mpaka ikawa picha moja mpya ambayo jicho haliwezi kuiona popote duniani. Lamu ni mji wa nakshi. Milango yake imechongwa, na kuta za nyumba zake za kale zina mapambo ya chokaa. Mtu aishiye katikati ya mapambo kama hayo hana haja ya kusafiri mbali ili apate wazo. Latosha autazame mlango wa jirani.

Wa pili ni Seydou Keïta wa mji wa Bamako, nchi ya Mali. Alifundishwa useremala, na mwaka 1935 mjomba wake akampa kamera ndogo aina ya Kodak Brownie. Mwaka 1948 alifungua studio yake. Hakuwa na pazia la kufaa la kuweka nyuma ya watu. Akatwaa shuka la kitanda chake, akalitundika. Mara nyingi alipiga picha uani kwa nuru ya jua, na kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, alizoea kumpiga mtu picha moja tu. Maua ya shuka yakakutana na maua ya nguo za wateja, na mkutano huo ndio ulioufanya mtindo wake utambulikane. Leo picha zake huonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa huko Ulaya na Marekani. Mwanzo wake ulikuwa upungufu wa pazia.

Wa tatu ni J. D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria, aliyeishi tangu 1930 mpaka 2014. Mwaka 1968 alianza kupiga picha za misuko ya nywele za wanawake. Nyingi alizipiga kwa nyuma, pasipo kuonyesha uso, na nyuma ya kichwa hakuweka kitu. Aliendelea na jambo hilo moja kwa miaka mingi, hata picha zikakaribia 1000. Ukiona msuko mmoja, waona nywele. Ukiona misuko mia, waona ufundi wa taifa.

Basi mmoja alitumia mkasi, mmoja alitumia shuka, na mmoja alizunguka nyuma ya kichwa. Hakuna hata mmoja aliyengoja kamera mpya.

WALIMU WALIO KARIBU NASI

Wazo la picha si lazima litoke katika picha. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mchoraji, si mpiga picha. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao nyembamba za kiwandani, akafariki mwaka 1972. Katika michoro yake mingi mnyama mmoja ameujaza ubao wote, na nyuma yake pana rangi tupu. Mpiga picha anaweza kujiuliza: je, na mimi nikimsogelea mbuzi huyu mpaka aijaze picha yote, na nyuma yake pawe na ukuta mtupu, itakuwaje? Hilo si wizi. Ni kujifunza.

Tena tunao walimu hapa hapa Musoma. Wavuvi wa dagaa ni wataalamu wa nuru. Huenda ziwani usiku wa giza na taa zao, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za umeme, na dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Maana yake ni kwamba nuru hujulikana kwa giza lililoizunguka. Mpiga picha akilielewa jambo hilo, hatautafuta tena mwanga mwingi kila mahali. Atamweka mtu mlangoni, chumba kikiwa na giza nyuma yake, na uso utang'aa wenyewe.

Kadhalika alfajiri. Kwetu jua mara nyingi huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na wakati huo kina mama huwa wanaanika dagaa. Nuru ya asubuhi hulala chini, inapita ubavuni mwa vitu, na kila dagaa hupata kivuli chake. Mchanga huonekana chembe chembe. Ukirudi mahali pale mchana, karibu saa 7, jua liko juu ya kichwa. Vivuli vimekwisha, na macho ya watu yamekuwa mashimo meusi. Ufuko ni ule ule na kamera ni ile ile. Kilichobadilika ni saa. Sisi tuliijua saa moja tu, nayo ni ya machweo.

MAZOEZI MATANO

Simu haziruhusiwi shuleni, wala somo hili halimtumi mtu kuvunja sheria. Zoezi la kwanza halihitaji chombo chochote. Mengine yafanywe kwa kamera ya chama, au nyumbani wakati wa likizo kwa simu ya mzazi na kwa ruhusa yake.

1. Dirisha la boksi. Kata kipande cha boksi, utoboe dirisha la urefu wa sentimita 6 na upana wa sentimita 4. Fumba jicho moja, tazama. Ukilisogeza karibu na jicho utaona mahali pakubwa. Ukilipeleka mbali utaona padogo. Simama mahali pamoja, utafute picha 10 tofauti, uziandike katika daftari kwa maneno.

2. Picha nane. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukaa Dar es Salaam utotoni, ndiye aliyepiga picha za sinema za njaa ya Ethiopia zilizoishtua dunia mwaka 1984. Alianza na Box Brownie iliyokwisha tumika. Kamera nyingi za namna hiyo zilizotumia filamu ya 120 zilitoa picha 8 tu kwa filamu moja. Basi nawe jipe picha 8 kwa siku nzima, wala usifute hata moja. Utashangaa jinsi utakavyotazama kwa makini kabla ya kubonyeza.

3. Kitu kimoja, siku saba. Chagua kitu kimoja cha karibu: jembe, jiwe, ndoo, sufuria ya mama. Kipige kila siku kwa njia nyingine: kwa juu, kwa chini, kwa nyuma, asubuhi, usiku kwa taa. Siku ya tatu utachoka. Usiache, maana mawazo mazuri huja baada ya yale mepesi kwisha.

4. Shuka. Tundika shuka au kitenge barazani au chini ya mwembe, mahali penye kivuli. Mketishe mtu mbele yake, uso wake ukielekea penye mwanga. Hata saa 7 mchana utapata uso laini usio na mashimo.

5. Mkasi. Kusanya magazeti ya zamani na nakala za picha. Kata, panga, unganisha, kama alivyofanya Bakor. Lakini angalia sana: usikate kamwe picha iliyo moja tu nyumbani.

ADABU YA KAMERA

Mtindo mpya usitufanye tusahau heshima. Ufukoni watu huoga na kufua. Usielekeze kamera huko. Mtu akiwa kazini, msalimie kwanza, mweleze unachotaka, kisha uombe. Akikataa, mshukuru vile vile. Mtoto mdogo aombewe ruhusa kwa mzazi wake. Na ukiahidi kuleta picha, ilete. Mtu aliyepigwa picha asiione hatakukubalia mara ya pili, wala hatamkubalia mwenzako atakayekuja baada yako.

MWISHO WA HABARI

Sasa turudi kwa yule mzazi. Vijana wa chama waliona haya, wakaomba waende nyumbani kwake. Siku ya Jumamosi walikwenda wanne, wakamkuta bibi, mjane wa marehemu. Wakampa pole, wakauliza kama mzee ameacha chombo chochote cha kazi. Bibi akaingia ndani, akatoka na sindano ya mbao ya kushonea nyavu, imelainika kwa kushikwa, ingali na uzi wake, pamoja na wavu usiokwisha.

Safari hii hawakutafuta jua. Walitundika kitenge kivulini, bibi akaketi mbele yake, akaishika sindano ile kwa mikono miwili kama alivyozoea mumewe. Wakasogea karibu mpaka mikono na sindano vikaijaza picha yote. Picha haikuurudisha uso wa mzee. Lakini mwanawe alipoletewa, alisema neno moja tu, "Ndiyo yenyewe," akaitundika ukutani juu ya redio.

Tena vijana walipokuwa wakifunga vitu vyao waondoke, bibi akawaita. "Na mimi nipigeni uso," akasema. "Msingoje."

Tangu siku hiyo chama kina kazi mpya. Kila Jumamosi iliyo huru ni mzee mmoja wa Kamunyonge au mitaa ya jirani: picha moja ya uso, na picha moja ya mikono na chombo chake cha kazi, zote kivulini, zote karibu. Mpaka sasa tumepata mshona viatu, mkunga, fundi baiskeli, muuza samaki na mwalimu mstaafu. Picha mbili za kila mmoja hupelekwa nyumbani kwake. Huo ndio mtindo wetu mpya. Haukutoka dukani, ulitoka katika jambo tulilokosa.

MASWALI

1. Taja mambo matano ya kuchagua katika kila picha. Wewe huyachagua yapi bila kufikiri?

2. Kwa nini wavuvi wengi wa dagaa hupumzika mwezi ukiwa mpevu? Jambo hilo lamfundisha nini mpiga picha?

3. Keïta alikosa pazia. Wewe umekosa nini, na unaweza kukitumiaje kitu kilichopo badala yake?

4. Uliza nyumbani: ni nani katika jamaa yenu ambaye hana picha hata moja ya kufaa? Andika jina lake katika daftari, na mahali utakapomketisha wakati wa likizo.